Wasifu wa Sita wa Vendelín Krnáč

Vendelín Krnáč alikuwa na neno moja la kumwambia mtu mmoja. Mtu huyo alikaa mlimani, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka mlangoni kwake. Neno lilichukua miaka thelathini na saba kufika. Nataka niwasimulie lilikwama wapi njiani, maana Vendelín hakuwa mvivu, na waoga niliowahi kuwaona hawakufanana naye. Alikuwa mtu wa Chama, basi.

Mimi nilimfahamu akiwa amekwisha kuchoka. Nilikuwa dobi katika hospitali ya Zábrodie, na chumba cha kufulia kilipakana na chumba cha boila: ukuta mmoja, bomba moja, na tundu kubwa ukutani ambalo mafundi walitoboa wakasahau kuliziba. Kwa tundu hilo tulisalimiana, tukaazimana kiberiti, tukapigiana kelele.

"Ndugu Katibu! Maji ya baridi huku! Wagonjwa leo watalalia mashuka ya juzi!"

"Andika ombi," alikuwa akijibu, bila kuinua kichwa. "Nakala tatu. Moja umpe Mungu, hao wengine hawasomi."

Kisha ilisikika sepetu yake ikikwangua sakafu, makaa yakiingia, mlango wa chuma ukifungwa kwa teke. Baada ya robo saa maji yalianza kuchemka. Hata siku moja hakuniangusha.

Tulimwita Ndugu Katibu kwa utani, lakini alikuwa katibu kweli. Miaka saba aliuongoza mji wetu kwa niaba ya Chama, akakaa kwenye ile ofisi yenye mazulia mawili. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa saba wa mpasuaji mbao, na kabla ya kunyoa ndevu kwa mara ya tatu alikuwa msituni na bunduki, akipigana na Wajerumani.

Hapo ndipo neno lilipoanza. Majira ya baridi ya mwaka arobaini na nne wenzake walitawanywa, naye akateremka peke yake, vidole vya mguu wa kushoto vimekwisha kuwa vyeusi kwa baridi. Akaangukia kwenye zizi la Šimon Ďurica, mkulima wa Vyšná Hora aliyekuwa akiburuta magogo kwa farasi. Šimon alimfunika kwa nyasi kavu katikati ya farasi wake ili apate joto la miili yao. Alikaa hapo siku kumi na moja. Katika chumba cha mbele cha nyumba hiyo walilala askari wa Kijerumani, na kila asubuhi Šimon alipita mbele yao na ndoo, akisema anakwenda kuwanywesha wanyama. Ndani ya ndoo mlikuwa na viazi na maziwa. Angekamatwa, wangeichoma nyumba na yeye akiwa ndani.

Vita vikaisha. Vendelín akajiunga na Chama cha Kikomunisti, akiamini kwa moyo mmoja kwamba watu kama baba yake hawatalala njaa tena. Na hapo akaandika wasifu wake wa kwanza.

Ngoja niwaeleze jambo hili, kwa sababu bila hilo hamtaelewa lolote. Kila mwanachama aliandika maisha yake kwa mkono wake, karatasi mbili, kwa wino, bila kufuta. Aliandika akiingia, akipandishwa, akihamishwa, na kila wakubwa wa juu walipobadilika. Karatasi hizo zilikaa kwenye jalada lake, na walikuwapo watu wa kazi hiyo, wa kulinganisha mpya na ya zamani. Mtu mwenye maisha mabaya alisameheka. Asiyesameheka ni mwenye maisha mawili. Ndiyo maana kila nyumba ya mwanachama ilikuwa na nakala iliyopigwa kwa kaboni na kufichwa mahali, ili mtu asijikanushe mwenyewe. Jolana, mkewe Vendelín, alizificha za mumewe kwenye kitabu chake cha mapishi, kati ya keki ya jozi na supu ya kabichi chungu.

"Mtu akiniuliza mume wangu kazaliwa lini," alikuwa akisema, "lazima ninawe unga kwanza."

Katika wasifu wa kwanza, Vendelín aliandika: *Nilifichwa siku kumi na moja na Šimon Ďurica, mkulima wa Vyšná Hora.*

Mwezi wa tatu mwaka hamsini na mbili alipanda Vyšná Hora tena. Safari hii alikuwa na polisi wawili, karani wa kike mwenye mashine ya kuchapia, na orodha. Mashamba yalikuwa yanaingizwa kwenye ushirika. Wote walikuwa wamesaini, wengine kwa kutaka, wengine kwa kutishwa, isipokuwa Šimon. Šimon alikuwa uani akifunga kwato ya farasi. Alimwona, akatabasamu.

"Vendo! Umekula?"

"Sijaja kula, Šimon. Nimeleta karatasi."

"Karatasi hailiwi. Ingia ndani kwanza."

Hakuingia. Angeingia, aliniambia miaka mingi baadaye, asingeweza kutoka na ile karatasi mkononi. Basi akaisoma palepale uani, kwa sauti ya mtu anayesoma gazeti. Šimon akakataa kusaini. Farasi wakafunguliwa zizini, Bandi na Šarga, walewale waliompa joto, wakateremshwa barabarani kwenda mjini. Šimon akapelekwa upande mwingine. Alikaa kifungoni miezi kumi na minne. Aliporudi alipewa kazi ya kuchunga kondoo wa ushirika, kwenye mashamba yaliyokuwa yake.

Mwaka uliofuata Vendelín alipandishwa cheo, akaandika wasifu upya. Wa pili ulikuwa umepita salama mwaka arobaini na tisa, lakini wa tatu ulimpa taabu. Huwezi kuandika kwamba umeokolewa na mtu aliyefungwa kama adui wa wananchi. Akaandika: *Nilifichwa na familia moja ya wakulima.* Mwaka hamsini na nane, wa nne: *Nilijificha msituni.* Na wa tano, alipokuwa tayari katibu wetu, haukutaja kujificha kabisa. Alitoka tu vitani akiwa mzima, kama shati linavyotoka kwenye mashine yangu.

Sasa msidhani alilala vizuri. Kuna watu wakishatenda baya huligeuza kuwa desturi, na kuna wengine linawageuza wao. Vendelín alipokuwa katibu alianza taratibu kulegeza kamba. Alimfukuza mwenyekiti wa ushirika aliyekuwa akipiga watu. Aliwaacha wazee watengeneze kengele ya kanisa, akajifanya haisikii. Kila Alhamisi alifungua mlango wa ofisi, aingie atakaye, na akakataza mlinzi kuuliza majina. Wakubwa wa wilaya wakamwita laini. Jolana alicheka: "Kilicho laini ni mgongo wako, nimekuambia uvae fulana."

Kisha ukaja mwaka wa sitini na nane, mwaka ambao mpaka huko juu kabisa walianza kusema kwa sauti mambo aliyokuwa akiyafikiri yeye. Alikuwa kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Na jambo kubwa alilolifanya, ambalo Zábrodie inalisimulia hadi leo, lilikuwa la majalada. Mwanzoni mwa mwezi wa sita aliamuru kabati zifunguliwe, na kila mtu wa mji, mwanachama na asiye mwanachama, arudishiwe jalada lake.

Foleni ilianzia ukumbi wa sinema ikafika darajani. Juu ya kila jalada aliandika kwa mkono wake, herufi zake zile zilizolalia kushoto: *Limerudishwa. Samahani.* Aliandika samahani elfu mbili na ushei. Watu wengine walilia. Bibi Filoména wa duka la uzi alilipokea lake, akalipima mkononi, akakasirika.

"Mbona jembamba hivi? La jirani yangu nene kama mto wa kulalia! Mimi sikuwa mtu?"

"Bibi, wembamba ndio uzuri wake."

"Uzuri gani! Miaka ishirini ninawasema vibaya, hakuna hata aliyeandika!"

Jioni ile yalibaki majalada mawili. Naibu wake, Gejza Tomko, mtu mnene mpole aliyekuwa akijipepea kwa kofia, aliyainua.

"Hili lako, Vendo."

"Langu nitachukua mwisho. Mwenye karamu hajipakulii kwanza."

"Na hili la Ďurica? Hakuja."

"Nitampelekea mwenyewe."

"Lini?"

"Jumapili."

Alikuwa na neno lake tayari. Angepanda na jalada, angebisha, angesema: Šimon, nilikukosea. Jumapili ya kwanza ilinyesha. Ya pili kulikuwa na mkutano wilayani. Ya tatu alivaa koti, akafika kwenye mti wa mwisho wa mji, akarudi. Jolana akamuuliza kama hakumkuta. Akasema, "Sikumkuta," na kweli, mtu usiyefika kwake huwezi kumkuta. Zilikuwa Jumapili kumi na moja. Jumatano baada ya ile ya kumi na moja vifaru vya majeshi ya kigeni vikaingia kuyazima hayo yote.

Vendelín aliwashikia vijana ngazi wakati wanang'oa vibao vya barabarani ili wageni wapotee. Hawakupotea sana.

Mwaka wa sabini yakaja mahojiano ya kuchuja. Kila mwanachama alikaa mbele ya watu watatu, meza yenye kitambaa cha kijani na chupa ya maji, akaulizwa maswali. Mwenyekiti alikuwa Gejza, ambaye sasa ndiye katibu. Na hapa kuna jambo la kucheka, kama una nguvu ya kucheka. Mji mzima ulikuwa umechoma majalada yake. Kwa hiyo kila mtu aliandika wasifu mpya, safi, uliopigwa pasi. Walikuwapo wezi waliogeuka mashujaa. Mtu mmoja tu alikuwa na jalada la zamani, nene, lenye wasifu tano. La Ďurica lilikuwa limepelekwa mkoani, na mpaka leo hakuna ajuaye liko wapi.

"Ndugu Krnáč," alisema mmoja wa wale watatu, mgeni kutoka wilayani. "Mwaka arobaini na tano unasema ulifichwa na Ďurica. Hamsini na tatu, familia moja ya wakulima. Hamsini na nane, msituni. Tusaidie. Ulijificha wapi?"

"Zizini kwa Šimon."

"Basi ulikidanganya Chama."

"Nilikidanganya. Na Chama kikanipandisha cheo."

Gejza akakohoa, akauliza lile swali walilowauliza wote. "Unaafiki kuingia kwa majeshi rafiki?"

"Rafiki hupiga hodi, Gejza."

Ndivyo alivyokuja kuwa jirani yangu ukutani. Siku ya kwanza alinipa mkono kwa lile tundu, umejaa masizi, akasema, "Krnáč. Nitakuwa nakupashia maji." Mji ulimpenda. Hawakuthubutu kukaa naye baani, lakini walimpenda kwa pembeni, kwa kumvulia kofia pembe ya barabara ambako haonekani mtu. Alikuwa yule ambaye hakusaini. Kila mmoja wao alikuwa amesaini kitu, na walihitaji pawe na mmoja ambaye hakusaini.

Vyšná Hora hakupanda. Nilimuuliza, siku moja tukila mkate na jibini la kondoo.

"Nimekuwa mchafu," alisema. "Zamani ningekwenda kama katibu anayejishusha. Sasa nikienda ataona nimekuja kulia naye. Mtu aliyeanguka akiomba msamaha, huwezi kujua anaomba msamaha au anaomba chai."

"Wewe unafikiri sana, Ndugu Katibu."

"Kazi ya boila ina nafasi."

Binti yao Otília alikuwa na akili kama wembe, na alitaka kuwa daktari. Alifaulu mitihani yote. Barua ikaja: hakupokelewa kwa sababu ya wingi wa waombaji. Akafagia wodi mwaka mzima, akaomba tena. Wingi wa waombaji. Ilibaki mara ya tatu, na ya nne haikuruhusiwa. Otka hakumlaumu baba yake. Alikuja chumba changu kuchukua mashuka, akaniambia, "Wenzangu wengi wanapenda sana tiba, eh?" akacheka, na yale macho sikuyapenda.

Mwezi wa pili mwaka sabini na nne Gejza Tomko aliteremka mwenyewe kwenye boila, kwa viatu vyake vizuri. Nilizima mashine. Ndiyo, nilisikiliza, tundu lilikuwa pale.

"Vendo. Nimechoka na wewe."

"Kaa. Hapo kwenye ndoo, pinduza kwanza."

"Nimechoka kukuchukia kwa amri. Kila mwezi naandika taarifa juu yako, na kila mwezi sina cha kuandika. 'Anachoma makaa.' Andika wasifu mpya. Karatasi mbili, kama kawaida. Mahali fulani useme ulikosea na unajuta. Basi. Nitaupeleka, na msichana ataingia."

"Nilikosea nini?"

"Usinifanye mjinga."

"Sikufanyi. Nauliza, useme nilikosea nini."

"Wewe unajua ulikosea nini!" akapiga kelele Gejza, akakohoa kwa vumbi, akaondoka na alama ya ndoo matakoni.

Jumapili Vendelín akakaa mezani. Jolana aliweka karatasi, kaboni, karatasi, kama alivyofanya mara zilizopita. Vendelín akashika kalamu saa nzima.

"Jolana, nikiandika, utanitazama?"

"Miaka ishirini na minne nakutazama ukiwa na masizi, ukiwa na homa, ukiwa katibu. Nimeolewa na wewe, Vendo. Sikuolewa na sentensi."

Basi akaandika. Na katika karatasi ya kwanza alieleza yote: baba mpasuaji mbao, msitu, vidole, zizi, ndoo ya viazi. Jina la Šimon Ďurica alilitaja mara nne. Akaeleza ule mwezi wa tatu wa mwaka hamsini na mbili, polisi wawili, farasi wawili, miezi kumi na minne. Karatasi ikajaa. Akachukua ya pili, na juu yake kabisa akaendelea: *Katika hili nilikosea. Niliwaumiza watu walioniamini, nikitumia jina la Chama. Sitaki alaumiwe mwingine. Najuta kila siku.* Akatia saini.

Gejza alimwambia aungame kosa, naye aliungama kosa. Nadhani alifurahi kidogo Jumapili ile. Alidhani wakisoma huko juu watalazimika kumwandikia Šimon kwamba hakuwa adui wa mtu. Hapo ndipo utamjua mtu wa Chama: alikuwa na jambo la kumwambia jirani, akaliandikia kamati.

Baada ya wiki tatu, kwenye kabati la vioo la Chama pale uwanjani, ambako hubandikwa picha za wafanyakazi bora, ilibandikwa karatasi moja. Ilikuwa ya pili. Juu yake mtu alikuwa amechapa kwa mashine: *Ndugu wa zamani V. Krnáč, kuhusu matukio ya mwaka 1968.* Chini yake, herufi zile zinazolalia kushoto, ambazo kwazo kila nyumba ya Zábrodie iliwahi kuandikiwa samahani: *Katika hili nilikosea.*

Karatasi ya kwanza hatukuiona. Gejza hakuwahi kusema aliipeleka wapi.

Mwezi wa tisa Otília akaanza masomo Bratislava.

Vendelín alipita kwenye kioo kile siku ya kwanza akasoma, akaja kazini. Nilimwona uso. Nikamwita kwa tundu, "Ndugu Katibu?" Akasema, "Maji yako yanakuja." Angefungua mdomo, angesema tu palipo watu wawili kwamba karatasi ni nusu, siku ya pili msichana angekuwa amerudishwa kufagia. Akaufunga. Kofia hazikuvuliwa tena, hata kwenye pembe za barabara. Dereva wa makaa, kijana asiye na adabu, alimwaga mzigo nusu nje ya mlango.

"Okota, Katibu. Kumbe na wewe bei yako ilikuwa inajulikana."

Akaokota. Miaka kumi na mitano aliokota. Mimi mwenyewe nitasema kweli: kwa miezi kadhaa nilining'iniza shuka mbele ya lile tundu. Maji yalikuja ya moto kama kawaida. Nilipoliondoa, aliniuliza tu kama nina kiberiti.

Otília akawa daktari, akarudi kwenye hospitali yetu hiihii, wodi ya watoto. Alimpenda baba yake kwa namna ya mtu mwenye deni. Hakuwahi kuitaja ile karatasi. Alidhani anajua imenunua nini.

Sasa njooni mwezi wa kumi na moja mwaka themanini na tisa. Uwanja ulijaa watu waliotaka Chama kiachie madaraka, theluji nyepesi inaanguka, kila mmoja anatikisa funguo zake hewani kukiaga, mpaka mji mzima ukawa unalia kama njuga za punda. Vijana waliokuja kutoka mji mkuu waliuliza kama hapa petu palikuwa na mtu wa sitini na nane wa kupanda jukwaani. Watu wakatazamana. Mwalimu mmoja akasema, "Yupo mzee Krnáč, wa majalada." Na nyuma sauti ikajibu, "Huyo si alisaini?" Funguo upande ule zikanyamaza.

Vendelín alikuwepo. Nilikuwa nimesimama kando yake. Alikuwa na miaka sitini na minne, amestaafu, lakini bado anachoma boila kwa kuwa hakupatikana mwingine. Alivuta kola ya koti. "Twende," alisema, "shinikizo la boila litakuwa limeshuka."

Mkewe ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Jioni tulipofika kwao, Otília akiwa anavua buti, Jolana alitoa kitabu cha mapishi, akakitikisa juu ya meza. Zikaanguka wasifu zote, nakala za kaboni, na unga. Akachagua moja.

"Soma. Karatasi ya kwanza. Ile waliyoibana."

Otka alisoma amesimama, buti moja mguuni. Akasoma tena. Akakaa.

"Kumbe hukuandika juu ya… Baba. Miaka yote hii. Mimi nilidhani kwa ajili yangu uli…"

"Niliandika kwa ajili yako," alisema Vendelín. "Ila sikuandika walichokisoma."

"Nitaisoma mimi! Kesho, uwanjani, pale juu, kwa kipaza sauti! Wote watambue!"

"Hapana."

"Kwa nini hapana? Mimi sasa hawawezi kunirudisha kokote!"

"Watambue nini, Otka? Kwamba mwaka sitini na nane sikukosea. Watapiga makofi. Halafu?" Aligonga karatasi kwa kidole cheusi. "Jina lililoandikwa hapa mara nne ni la mtu mwingine. Yuko hai. Ndiye wa kusomewa."

Jolana alivuta pua. "Hatimaye," akasema, akaenda kutafuta zile soksi nzito.

Tulipanda asubuhi ya pili yake, yeye na mimi, kwa sababu mguu wake wa kushoto haukuwa na vidole viwili na njia ilikuwa na barafu. Kwenye ule mti wa mwisho wa mji alisimama, nikadhani tunarudi. Alikuwa anapumzika tu.

Šimon Ďurica alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alikuwa amekaa jikoni kando ya jiko, blanketi magotini, jicho moja limefunikwa na ukungu mweupe. Mpwa wake alitufungulia, akatutangaza kwa sauti kubwa. Mzee akageuza jicho lake zima.

"Vendo," akasema. "Umekula?"

Vendelín alisimama pale mlangoni, theluji ikimyeyukia mabegani.

"Sijala," akasema.

Tukapewa supu ya kabichi. Tulikula. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza aliifuta meza kwa kiganja, akatoa karatasi.

"Niliiona ile ya kwenye kioo," alisema Šimon. "Sikuisoma. Sikuwa na miwani."

"Hii ndiyo iliyotangulia."

"Basi soma. Miwani bado sina."

Akasoma. Hakusoma kama gazeti safari hii. Aliposoma ndoo ya viazi, Šimon alitikisa kichwa kidogo: "Na maziwa." Vendelín akasema, "Yameandikwa, yanakuja." Akasoma mpaka mwezi wa tatu, mpaka uani, polisi wawili, orodha, karatasi, *farasi wawili, Bandi na Šarga.* Akasoma mpaka mwisho wa ukurasa. Karatasi ya pili hakuwa nayo, kwa hiyo maneno yake aliyasema kwa mdomo, akimtazama.

"Hapo nilikosea, Šimon. Najuta."

Jiko lilikuwa linatoa mlio mdogo. Nilimwona Vendelín akilitazama kwa mazoea, kama anayepima hewa yake. Mzee alilivuta blanketi lake juu ya magoti.

"Watatu," akasema.

"Nini?"

"Umesema farasi wawili. Walikuwa watatu. Šarga alikuwa amezaa siku nne nyuma. Kitoto cheusi, Vranka. Hakikuwa kwenye orodha yenu, kwa hiyo hakuna aliyekifunga kamba. Kilimfuata mama yake mwenyewe mpaka chini barabarani. Nilikiona mpaka kwenye kona."

Vendelín aliitazama karatasi yake kama haijui.

"Sikukiona," akasema.

"Uliona orodha." Šimon hakusema kwa ukali. Alikuwa mzee tu, amechoka, kama mwenzake. "Kalamu unayo?"

Vendelín alijipapasa mifukoni. Hakuwa nayo. Mimi nilikuwa na ile penseli ya kuandikia namba kwenye mashuka, nikampa. Akainama mezani, na kwa herufi zake zinazolalia kushoto, katika wasifu usioruhusiwa kufutwa, akakata neno *wawili* akaandika juu yake *watatu*, kisha pembeni, polepole, huku Šimon akimtajia herufi moja moja, jina la Vranka.

"Sasa iache hapa," alisema Šimon, akanyoosha mkono. "Na wewe vua koti. Umekaa nalo kama polisi."